Chura Aliyekohoa Kama Kaka Yangu

Siku niliyoikaribisha spika chai nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani na nimekaa mstari wa pili, nyuma kabisa ya mgeni wa kaunti. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Tenti zimesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, ngoma ya mwazindika imeshachezwa, na soda zimeshagawiwa watu wa mbele. Yule daktari wa vyura akashika maiki, akasema sasa tumsikilize chura mwenyewe, akabonyeza simu yake. Spika ikakohoa.

Kh, kh, khooo.

Nami, mbele ya mchungaji, mbele ya naibu wa chifu, mbele ya wanawake wote wa chama chetu, nikajibu kwa sauti ile ile ninayoitumia jikoni, "Karibu kaka, chai iko."

Sikufikiria. Mdomo ulienda wenyewe, kama mguu unavyoenda ukipigwa gotini. Kikafuata kicheko ambacho sijakisikia hata kwenye harusi. Mgeni wa kaunti alijimwagia soda kwenye tai. Mchungaji aligeuka akautazama ukuta wa kanisa kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale, lakini mabega yake yalikuwa yanacheza. Fundi wa spika, kwa ubaya wake, akairudia ile sauti, na uwanja mzima ukaitikia kwa pamoja: karibu kaka, chai iko.

Mngedhani hicho ndicho kilichoniuma. Hapana. Katikati ya kicheko hicho naibu wa chifu alisimama, akachukua maiki, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo lile shamba la nduma alikopatikana chura halitachimbwa, halitapaliliwa wala halitakanyagwa mpaka mwongozo utoke juu. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nilisimama nikanyoosha mkono. Nikasema ninalo. Nikasema tena. Watu waliponiona nimesimama na mkono juu walidhani bado nakaribisha wageni, wakacheka mpaka viti vikaanguka. Naibu wa chifu akangoja kidogo, akasema, "Hakuna pingamizi," akaketi.

Shamba hilo ni langu. Nduma hizo nilizipanda mimi kwa mikono yangu, na siku hiyo zilikuwa zimekomaa, zinangoja jembe tu. Mpaka leo naandika haya, ziko ardhini, na jembe liko nyuma ya mlango.

Nimeshauriwa nisiandike majina ya watu. Sawa. Sitaandika majina, nitaandika walichofanya, na huku mlimani kila mtu atawajua. Wako watatu: kaka yangu, daktari wa vyura, na naibu wa chifu. Mimi shule niliiachia darasa la tano, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Anayetaka maneno ya kupiga pasi akatafute kwingine.

Ili muelewe kwa nini mtu mzima anaongea na chura, lazima nianze na ndovu.

Nilikuwa nimeolewa Makwasinyi, kule chini ya mlima Kasigau, na baada ya mume wangu kufariki nilibaki pale nikilima mahindi. Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kikali. Alasiri moja nimeketi jikoni napukuchua mahindi, nikaona gunia langu linaondoka. Linaburutwa taratibu kuelekea dirishani. Nikajua ni mwizi. Nikalishika ule upande mwingine nikavuta, nikamwambia huko nje aache tamaa, aende akalime kama wenzake. Akavuta. Nikavuta. Nikamtukana mpaka ukoo wake. Halafu nikatazama vizuri mkono ulioshika gunia, nikaona hauna vidole.

Kilichofuata ni ukuta. Ulikuja ndani wote kwa mara moja, na mimi nikaponea chini ya mlango, maana mlango ulianguka ukanifunika kama blanketi, na mabati yakaanguka juu ya mlango. Majirani walinitoa nikiwa mweupe kwa vumbi, nimekumbatia magunzi. Watu wa wanyama pori walipofika na gari lao, jambo la kwanza waliuliza kama kuna bati lililomkata yule ndovu. Walitembea kuzunguka magofu yangu wakitafuta damu yake. Hawakuiona, wakafurahi sana, wakaenda.

Ndipo nikaapa kwamba nitahamia mahali ambapo mnyama mkubwa kuliko wote ni paka.

Nilikaa Voi kwa muda, nauza mboga karibu na stendi, joto linanichoma na mavumbi yananila. Kaka yangu akasikia. Yeye yuko kwetu, huku juu, si mbali na Wundanyi, kwenye ardhi ya marehemu baba. Akanipigia simu akasema, "Dada, rudi nyumbani. Kuna kile kipande cha bondeni, chukua wewe." Hapo nilimwona mtu mwema. Baadaye nilielewa kwamba kipande hicho kilikuwa kinajaa maji mwaka mzima, na kwamba yeye mwenyewe alishapoteza gambuti mbili humo zikamezwa na matope asizione tena. Kilichomshinda ndicho alichonipa.

Lakini mimi nikakitazama kile kipande cha bondeni, nikaona nduma. Nduma inataka miguu yake iwe majini. Nikapanda. Zikashika, zikatoa majani mapana unayoweza kujifunika mvua na jirani yako. Jikoni kwangu pako hatua chache tu juu ya hapo, kwa hiyo asubuhi nafungua mlango naziona zote zimesimama zinameta umande. Wenye hoteli Wundanyi wakaanza kuniulizia kabla hata hazijakomaa. Mmoja wa Voi naye akatuma ujumbe kwamba anataka za kuuza na chai ya asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu ukuta uanguke, nilikuwa mtu mwenye kitu ambacho wengine wanakingoja.

Sasa niwaelezeni kikohozi.

Kwetu nyumbani, hodi ni ya wageni. Wenyewe wanakohoa. Baba yetu alikuwa hivyo: akifika kwenye ua wa majani anasimama, anakohoa, anangoja. Mwanamume haingii jikoni kwa dada yake au binti yake bila kutoa ile taarifa, kwa sababu huenda ameinama, huenda anaoga, huenda anamsema yeye. Kaka yangu amerithi ardhi ya baba na kikohozi cha baba. Na kwa kuwa anavuta ugoro, kikohozi chake kina umbo lake. Kinaanza na viwili vifupi, halafu kimoja kirefu kinachoburutwa kama kiti juu ya saruji. Kh, kh, khooo. Ukikisikia huwezi kukosea. Ndivyo nilivyodhani.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja kuna ukungu mpaka mlangoni, nikasikia kikohozi huko nje. Nikasema karibu kaka, chai iko, nikamimina kikombe, nikakifunika na kisosi. Hakuingia. Nikangoja. Nikatoka, nikaona ukungu na nduma tu. Nikasema labda amekumbuka kitu nyumbani. Nikanywa yangu, na yake nikainywa pia ili isiharibike.

Kesho yake vile vile. Na kesho kutwa. Kila asubuhi anakohoa, namkaribisha, namimina, haingii. Mimi nikawa mtu wa kunywa chai za watu wawili, tumbo linanguruma kanisani mpaka jirani yangu wa benchi ananitazama. Wakati mwingine alikohoa hata jioni. Nikaanza kujiuliza. Mtu anayekuja kwako kila siku, anakohoa, halafu ukitoka amejificha, anatafuta nini? Nikatazama nduma zangu zilivyonenepa, nikapata jibu. Amekuja kuangalia kile kipande. Anajuta. Aliutoa udongo akidhani ni kinamasi, sasa ameona majani, roho inamuuma, na aibu inamzuia kusema.

Basi nikabadilisha makaribisho. Akikohoa namwambia nikiwa jikoni, "Kama ni nduma umekuja kupima, pima uende." Kimya. "Mzee mzima kujificha kwenye majani." Kimya. Halafu, kama dharau, kh, kh, khooo.

Ikafika siku kaka yangu alipokuja kweli. Alikuwa ameniletea ndizi. Mimi ningejuaje? Alisimama uani akakohoa, mvua inamnyeshea, na mimi ndani nikamwambia, "Kohoa mpaka kesho, chai leo hakuna." Nadhani hakuamini alichosikia. Akakohoa tena kwa adabu. Nikafungua dirisha nikamwaga maji ya vyombo upande ule bila kutazama. Nikasikia hatua zinaondoka haraka, nikafurahi, nikasema leo amepatikana. Ndizi alizitupa pale pale kwenye ua. Nilizila baadaye.

Tukaacha kusemezana. Akitoka kanisani mlango huu, mimi natoka ule. Wifi yangu, mke wake, akaja kuniuliza nimepatwa na nini, mbona mume wake amerudi na ganda la yai sikioni. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia polepole kwamba mume wake saa hizo za alfajiri huwa amelala, tena anakoroma, hajawahi kuamka na umande tangu aoe. Nikamwambia anamtetea kwa sababu anakula kwake. Naye akaniambia ndovu hakuvunja ukuta tu, alivunja na kitu kingine kichwani mwangu. Huyo wifi nampenda, lakini siku hiyo nilimwonyesha njia.

Habari ikamfikia shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Shangazi akasema hilo litamalizwa kwa kutasa.

Kwa asiyejua: sisi Wadawida, yaani Wataita, hatuiachi hasira ikae moyoni. Ukimkasirikia ndugu yako, hata kama hukusema neno, hasira yako inaweza kumtokea yeye kama ugonjwa, au ng'ombe wake akakauka maziwa. Kwa hiyo mnakalishwa. Unachukua maji mdomoni, unayapuliza nje kama mvua, na unasema hasira yangu na iende na maji haya. Mwenzako naye anafanya hivyo. Yamekwisha, mnakula. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa na wengi wanajifanya hawajui kutasa ni nini, lakini ndugu wakigombana utaona mtu anachota maji. Nilimuuliza shangazi mchungaji atasemaje. Akasema mchungaji ataelewa, na asipoelewa asiambiwe.

Tukakutana uani kwangu asubuhi, kabla ya jua kutoka kwenye ukungu. Shangazi kwenye kiti, kaka kwenye kigoda upande mmoja, mimi upande mwingine, wifi amesimama na kata ya maji. Kaka kama mkubwa akaanza. Akanywa funda kubwa, mashavu yakajaa kama ya mtu anayepuliza baragumu. Akafumba macho ili atafute hasira yake iko wapi.

Hapo hapo, kutoka kwenye nduma: kh, kh, khooo.

Sote tukamtazama kaka. Mdomo umejaa maji. Mashavu yamevimba. Macho ameyafumbua na yanataka kutoka. Hakuna mtu aliyeumbwa anayeweza kukohoa akiwa hivyo. Kikohozi kikarudi tena, kirefu, cha kuburutwa, na ugoro wake ndani. Kaka akashindwa kujizuia. Maji yote yakamtoka kwa mkupuo yakamwogesha shangazi kuanzia kilemba mpaka magoti, na neno lenyewe la kutasa halikusemwa. Shangazi akajipangusa uso, akasema, "Baba yenu hakunipuliza hata siku moja."

Zamu yangu haikufika. Kila mtu alikuwa ameshakimbilia kwenye nduma. Hilo mlishike, maana nitalirudia: maji yangu mimi sikuyapuliza.

Aliyemkamata ni wifi, kwa chujio langu la chai. Kitu chenyewe ni kadogo, hakafiki kidole gumba, rangi ya chai ya maziwa, mgongo una vipele kama mtu aliyetoka kunyoa ndevu kwa wembe butu. Tumbo lake lina madoa ya njano. Macho makubwa ya kulaumu. Kalikaa pale kwenye chujio kanatutazama, halafu koo kakalivimbisha kakamkoholea kaka yangu usoni. Kaka, kwa mshangao, akakohoa. Kakajibu. Shangazi akasema huyo ni wa ukoo, msimtupe.

Tukakatia kwenye kikombe, tukakafunika na kisosi. Kikombe kile kile. Chai nilizomimina zote zile, na mwisho mgeni wangu aliingia kikombeni mwenyewe.

Sasa ndipo anapoingia mkosaji wa pili. Daktari wa vyura alikuwa amepanga chumba karibu na msitu. Ni kijana kutoka chuo kikuu, si daktari wa sindano, ingawa wiki ya kwanza watu walimpelekea watoto wenye mafua na akawaeleza kwa heshima kwamba angeweza kuwasaidia kama wangekuwa na mkia. Kila mtu alimjua kwa sababu alikuwa akipita mitoni akiwaomba wanawake wanaofua wanyamaze kidogo. Kaka akabeba kikombe changu akampelekea. Alipoondoa kisosi, kaka anasema, yule kijana aliomba kiti.

Hakuwa kwenye vitabu, huyo chura. Ilibidi aandikwe upya.

Basi wakahamia kwangu. Daktari na wenzake wawili, na mabegi, na maiki yenye manyoya kama mkia wa paka. Nilijifunza kwamba kumwandika chura ni kazi kuliko kumwandikisha mtoto. Alipimwa pua, alipimwa paja, alipimwa kutoka jicho hadi jicho kwa kitu cha chuma kama koleo ndogo. Alipigwa picha tumbo na mgongo kama mshukiwa. Walibishana kwa saa nzima kama vidole vyake vya nyuma vimeungana kidogo au vimeungana kiasi. Jioni daktari alijikunyata kati ya nduma zangu na ile maiki, na kaka yangu akaitwa akohoe ili wasikie tofauti. Kaka alikohoa, chura akajibu, daktari akafumba macho kama anasikiliza kwaya. Kaka hakuwa na kazi nyingine mwezi huo. Alikuja kila jioni na koti lake zuri. Kutoka jikoni nilikuwa nasikia vikohozi viwili vinazungumza na sikujua tena kipi nikipe chai, kwa hiyo niliwapa wote.

Daktari aliingia siku moja kuomba sukari, akaniambia, "Shosho, unajua huyu yuko hapa tu? Duniani kote ni hapa."

Kwanza, shosho ni nani? Mimi si bibi kizee, meno yangu yote ninayo. Nikamuuliza, "Na mimi, mwanangu, umeniona wapi pengine?"

Alicheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Lakini akakaa vizuri, akanieleza kwamba katika maandishi kuna mahali pa kueleza chura alisikika wapi kwanza na nani alimsikia. Nikamweleza yote: ukungu, chai, kisosi. Akaandika kwenye simu. Akauliza jina langu linaandikwaje, nikampa kitambulisho akitazame ili asikosee herufi. Nikamuuliza na nduma zangu je, maana zinakaribia kuchimbwa. Akasema, "Hakuna shida, mama. Hakuna shida kabisa." Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo, ndiyo maana nayaandika kama alivyoyasema.

Muda ukapita, mvua zikaisha, tukaambiwa chura ametangazwa duniani na kutakuwa na sherehe. Uwanja wa kanisa, mgeni wa kaunti, mnajua yaliyotokea. Lakini sikuwaambia kilichotangulia spika.

Daktari alisoma maandishi yake, akiyageuza kwa Kiswahili anapoenda. Akasema chura amepewa jina la Kilatini, na ndani ya jina hilo kuna jina la mzee aliyemleta kwa sayansi. Kaka yangu akasimama na koti lake, akapigiwa makofi, akakohoa kidogo kuonyesha unyenyekevu. Halafu daktari akasoma kuhusu sauti: kwamba inafanana na mzee anayesafisha koo, kiasi kwamba mama mmoja mkazi wa hapo alimdhania mgeni, akawa anamwandalia chai.

Mama mmoja. Kitambulisho nilimshikia mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Chai imeandikwa. Kikombe kimeandikwa. Chura ana jina la Kilatini, tena majina mawili. Mimi ni mama mmoja.

Nilikuwa bado nameza hilo ndipo spika ikakohoa, na mdomo wangu ukafanya ulichofanya. Na naibu wa chifu, ambaye mwaka mzima hajawahi kufika bondeni kwa sababu ya viatu vyake, akaona nafasi ya kuonekana na mgeni wa kaunti. Hakuna aliyemtuma. Daktari mwenyewe nilimwona amegeuka akamtazama kwa mshangao. Lakini hakusema kitu. Kaka naye hakusema kitu, alikuwa anapigwa picha.

Yaliyofuata ni haya. Utepe wa njano umezungushiwa nduma zangu, na kibao kimesimamishwa chenye picha ya chura na jina la kaka. Sauti yangu ya karibu kaka chai iko ilirekodiwa na watu wakaigeuza mlio wa simu. Binti yangu aliyeolewa Mata, kule Taveta karibu na mpaka, alinipigia akaniambia kondakta mmoja anayo, na alipoisikia inalia alisema, "Huyo ni mama yangu," na watu wakataka kupiga naye picha. Yule mwenye hoteli wa Voi ameacha kuniulizia. Nduma zikizidi kukaa zinakuwa ngumu kama mti, na ukizipika zinawasha koo. Mtu akizila sasa, atakohoa kuliko chura.

Nimeuliza. Nilimwendea naibu wa chifu, akasema hilo liko kwa kaunti. Nikaenda Wundanyi ofisini, wakasema hawana habari, nimuulize mtaalamu. Mtaalamu amerudi chuoni, nikimpigia ananiambia yeye alitangaza chura, hakutangaza nduma. Kaka nilimuuliza kwa upole, kwamba ardhi alinipa yeye, aende akaseme. Akaniambia nimuulize chura mwenyewe.

Na chura, kama mnataka kujua, ameshahama. Kibao hajui kukisoma. Nduma zilipoacha kupaliliwa magugu yameota, maji yamepungua, naye akapanda huku juu na sasa anakaa chini ya pipa langu la maji, mlangoni kabisa pa jikoni. Anakohoa kisigino changu kikiwa kando yake. Utepe unalinda matope. Naibu wa chifu sijamwambia, maana najua ataufungua utepe kule na kuja kuufunga jikoni, kisha niambiwe maji nisichote mpaka mwongozo utoke juu. Ninyi mnaosoma, kuhusu pipa mnyamaze.

Wiki iliyopita shangazi alikuja. Kaka yangu ana kikohozi cha kweli, cha kifua, hakimtoki hata kwa dawa, na shangazi anasema ni kwa sababu kutasa haikumalizika. Maji ya kaka yalimwagika bila neno, na yangu hayajapulizwa. Alichota kata akanishikia. Nikamwambia shangazi, heshima yako naiweka, lakini maji hayo niwekee. Mimi nimeachwa na ndovu bila ukuta nikanyamaza, kwa sababu ndovu huwezi kumuita ofisini. Hawa watatu wana miguu na simu, na mmoja hata koti analo.

Kata iko juu ya meza, nimeifunika na kisosi. Kaka, daktari, naibu wa chifu: mmoja wenu aje. Asikohoe, maana akikohoa simjibu, nimeshafundishwa. Apige hodi kama mgeni, ataje jina lake lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, aniambie ni nani aliyezifunga nduma zangu na ni nani aliyenifanya mama mmoja. Akishajibu, jembe liko nyuma ya mlango, atanishikia utepe nipite. Maji nitayapuliza baada ya hapo.